BINTI ALIYESAHAU JINA LAKE



Dominika hii imekuja jirani na tarehe 8 Februari, siku ambayo Kanisa linamkumbuka Mtakatifu Yosefina Bakhita, bikira, mtoto wa nchi ya Sudan. Pengine wewe unayetusikiliza una binti au mjukuu mwenye jina hilo. Tunalikuta katika vitabu vya ubatizo vya parokia zetu, na huko Juba, Sudan Kusini, redio ya Kanisa Katoliki yenyewe inaitwa Bakhita. Ni jina tamu kulitamka, na mama anayemwita mwanawe hivyo anaona fahari. Leo tungependa kuuliza pamoja nanyi swali dogo: jina hili lilitoka kwa nani, na lina maana gani? Swali ni dogo, ila jibu lake litatufikisha mpaka majumbani mwetu, mpaka jikoni.

Yapata mwaka 1869 alizaliwa mtoto wa kike katika kijiji cha Olgossa, huko Darfur, magharibi mwa Sudan. Wazazi wake walimpa jina, kama wazazi wote wanavyofanya. Jina hilo halijulikani na mtu yeyote hapa duniani. Mtoto huyo alipokuwa na umri wa miaka saba, minane au tisa hivi, alitekwa nyara na wafanyabiashara ya watumwa. Na dada yake mkubwa alikuwa amekwisha kutekwa kabla yake. Hofu ilipomwingia, jina lake likamtoka. Hakulikumbuka tena hadi siku ya kufa kwake. Watekaji wakampachika jina la Kiarabu, wakamwita Bakhita.

Maana yake ni nini? Sisi tusemao Kiswahili hatuhitaji kwenda mbali, kwa kuwa neno hilo tunalo kinywani kila siku. Waarabu husema bakht, nasi tunasema bahati. Ile sauti nzito ya kooni imelainika katika ulimi wetu, kama ilivyolainika katika habari na hatari. Bakhita, basi, ni mwanamke mwenye bahati. Watu waliomnyang'anya mtoto huyo baba, mama, ndugu, kijiji na jina, ndio waliomwita mwenye bahati!

Msidhani jambo hili lilifanyika Sudan tu. Katika pwani yetu ya Afrika Mashariki watumwa wengi walipewa majina ya namna hiyo: Mabruki, yaani mbarikiwa, Faraji, yaani aliyepata nafuu, Baraka, na mengineyo. Wengi wenu mmesoma habari za Sidi Mubarak Bombay, yule Myao aliyewaongoza Burton na Speke katika safari zao za bara. Alitekwa angali mtoto, akapelekwa India. Mubarak maana yake ni mbarikiwa, na Bombay ni jina la mji. Jina alilopewa na mama yake Uyaoni liko wapi? Mwenye mali huipa mali yake jina la kupendeza, kama vile mtu anavyompa mbwa wake jina. Jina la namna hiyo halikuwa salamu kwa mtu. Lilikuwa chapa ya bidhaa.

Turudi kwa Bakhita. Mtoto huyo aliuzwa, akanunuliwa, akauzwa tena, mara kadhaa, katika masoko ya El Obeid na Khartoum. Katika nyumba ya ofisa mmoja wa jeshi la Waturuki alichanjwa mwili mzima kwa wembe, na vidonda vikasuguliwa chumvi ili makovu yasifutike. Alibaki na makovu zaidi ya mia moja. Hatimaye alinunuliwa na balozi mdogo wa Italia katika mji wa Khartoum, Callisto Legnani. Katika nyumba hiyo, kwa mara ya kwanza tangu atekwe, hakupigwa. Mwaka 1885 alisafiri pamoja na balozi huyo hadi Italia, akakabidhiwa kwa familia ya rafiki yake, Augusto Michieli, akawa yaya wa mtoto wao mdogo wa kike.

Baadaye yaya huyo na mtoto wake waliachwa kwa muda chini ya ulezi wa masista Wakanosa katika mji wa Venice. Hapo ndipo Bakhita alipofundishwa habari za Mungu. Mama Michieli aliporudi kumchukua ili wasafiri kwenda Suakin, bandari ya Bahari ya Sham, ambako mume wake alikuwa na hoteli, Bakhita alikataa. Fikirini, ndugu zangu: mtu aliyekuwa hajawahi kuulizwa maishani mwake anataka nini, akasema hapana. Shauri likafika mbele ya wakubwa wa serikali na wa Kanisa. Tarehe 29 Novemba 1889 ikaamuliwa kwamba sheria ya Italia haiutambui utumwa. Kwa hiyo yeye ni mtu huru, na aende atakako. Akachagua kubaki.

Tarehe 9 Januari 1890 alipokea sakramenti za kuingizwa katika Ukristo. Na hapa, wasikilizaji wapenzi, tunaomba mtege masikio. Siku ile alipewa majina matatu: Yosefina, Margherita, Fortunata. Yosefina linatokana na Yosefu, jina la mlinzi wa Bwana wetu. Margherita maana yake ni lulu. Na Fortunata? Ni neno la Kilatini, na tafsiri yake ni mwenye bahati. Maana yake ni kwamba Kanisa halikulitupa jina lile la watekaji. Lililiosha. Lililichukua kutoka katika midomo ya waliolitamka kwa dhihaka, likalitia majini pamoja na mwenyewe, likatoka kweli tupu. Maneno ambayo wenye minyororo waliyasema kwa uongo, Mungu aliyatimiza.

Na tangu hapo Bakhita mwenyewe hakulionea haya jina lile. Alikuwa na desturi ya kukibusu kisima cha ubatizo, akieleza kwamba hapo ndipo alipofanywa kuwa binti wa Mungu. Akaingia utawani, akaweka nadhiri zake tarehe 8 Desemba 1896. Miaka mingi iliyobaki aliishi katika mji wa Schio, akipika, akishona, akitarizi na kufungua mlango wageni walipobisha. Watu wa mji wakampenda, wakampa jina jingine tena: wakamwita kwa lugha yao mama mweusi. Walimwita hivyo kwa mapenzi, hatuna shaka. Hata hivyo tazameni jinsi binadamu anavyoiona ngozi kabla hajaliona jina. Alifariki tarehe 8 Februari 1947. Katika ugonjwa wake wa mwisho alirudiwa na kumbukumbu za utumwa, akawa anamwomba muuguzi amlegezee minyororo kwa kuwa ilikuwa mizito. Papa Yohane Paulo II alimtangaza Mwenye Heri tarehe 17 Mei 1992. Mwezi Februari mwaka 1993 alikwenda mwenyewe Khartoum, akawatangazia watu wa Sudan na Afrika nzima kwamba Bakhita amerudi kwao. Tarehe 1 Oktoba 2000 akamwandika katika orodha ya watakatifu.

Baba Mtakatifu Benedikto XVI naye, katika barua yake juu ya tumaini ya mwaka 2007, alimtoa Bakhita awe mfano wa kwanza wa mtu aliyekutana na tumaini la kweli. Anaeleza kwamba Bakhita aliwajua mabwana wengi waliomtesa, kisha akasikia kwamba yuko Bwana aliye juu ya mabwana wote. Na kwamba Bwana huyo anamjua, anampenda, na yeye mwenyewe alikubali kupigwa mijeledi. Sisi tunasali kila siku tukisema Bwana, Bwana, wala hatulipimi neno hilo. Kwa mtumwa, neno bwana lilikuwa na harufu ya damu. Kumbe Bakhita alilisikia upya, nalo likawa neno la uhuru.

Ndugu wasikilizaji, baada ya kuyasema hayo, inatupasa kuungama jambo moja. Sisi tunaosema nanyi tulilikosea jina hili hili, na tulilikosea altareni.

Ulikuwa mwaka wetu wa kwanza wa upadre, kabla Bakhita hajatangazwa mtakatifu. Tulikuwa tumetoka seminari kuu na vitabu vingi kichwani. Katika parokia tuliyotumwa palikuwa na wakatekumeni kadhaa waliojiandaa kubatizwa katika mkesha wa Pasaka, na mmojawao alikuwa msichana mfanyakazi wa nyumbani, aliyetoka mkoa wa mbali. Alikuwa mpole, mwenye bidii ya kuja mafundishoni jioni baada ya kuosha vyombo. Tulipomwita ofisini kumhoji na kumwandika, tulimwuliza jina lake. Akajibu, "Naitwa Bahati, Padre."

Tukamwambia kwamba Bahati si jina la Kikristo. Tukamweleza, kwa ufasaha wote tuliojifunza, kwamba Mkristo hategemei bahati bali Maongozi ya Mungu. Kwamba bahati ni mambo ya wacheza kamari. Tukafungua kalenda ya watakatifu, tukamchagulia jina la mfiadini mmoja wa Roma, jina refu ambalo hata sisi tulilitamka kwa shida. Tukauliza kama amelipenda. Akainamisha kichwa, akasema, "Ndiyo, Padre." Tukaliandika kitabuni, na jina Bahati hatukuliandika popote.

Ukafika usiku wa mkesha. Kanisa limejaa, mishumaa inawaka. Katekista akaanza kuita wanaobatizwa, jina kwa jina, nao wakawa wanasogea kwenye kisima. Lilipoitwa jina lile refu, hakuna aliyesogea. Likaitwa mara ya pili. Kimya. Watu wakaanza kugeuka na kutazamana. Mara ya tatu, katekista akamwendea msichana yule mstarini, akamgusa begani, akamnong'oneza, "Ni wewe." Akashtuka, akaja upesi huku akiona aibu, nasi tukambatiza.

Usiku ule tulicheka kidogo sakristia, tukasema amesahau jina lake. Hatukufahamu tulichokuwa tunakisema. Miezi mingi ikapita. Msichana alikwisha kuondoka pale mjini, kwa kuwa tajiri wake alihamishwa kikazi, ndipo mama mmoja aliyekuwa msimamizi wake wa ubatizo akatusimulia kisa cha jina lile. Mama mzazi wa msichana huyo alikuwa amezika watoto watatu kabla yake, wote wachanga. Huyu wa nne alipopona homa na kufikisha mwaka mmoja, mama akamwita Bahati. Jina lile halikuwa kamari, ndugu zangu. Lilikuwa wimbo wa shukrani wa mama aliyepita makaburini mara tatu. Nasi tukalifuta kwa kalamu ya serikali ya Mungu.

Na kosa letu halikuwa na kisingizio. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 855, haidai kwamba kila jina liwe la mtakatifu. Inaagiza tu wazazi, wasimamizi na paroko waangalie lisitolewe jina lililo geni kwa moyo wa Kikristo. Na tulikuwa tumesoma seminarini habari za Mwenye Heri Bakhita, tukazifanyia hata mtihani! Tulijua kwamba Bakhita ni Bahati, na Bahati ni Fortunata. Tulilijua jambo hilo katika Kiarabu na katika Kilatini. Alipokuja kulisema msichana wa kazi kwa Kiswahili, hatukulitambua. Tangu siku ile tumemwombea. Kama yuko mahali anatusikia asubuhi hii, tunamwomba atusamehe. Na ajue kwamba Mungu hakuwa anasoma kitabu chetu.

Wapenzi katika Kristo, Maandiko Matakatifu yana kisa kinachofanana na hiki. Fungueni kitabu cha Mwanzo, sura ya 16. Pale tunamwona Hajiri, mjakazi Mmisri katika nyumba ya Abramu na Sarai. Isomeni sura hiyo taratibu, mkifuata nani anasema nini. Sarai akimtaja, anamtaja kama mjakazi wangu. Abramu akimtaja, anamtaja kama mjakazi wako. Wanazungumza juu yake, wanapanga juu ya tumbo lake, wanagombana kwa ajili yake. Jina lake halitoki midomoni mwao hata mara moja katika sura hiyo nzima. Hajiri anateswa, anakimbilia jangwani. Na huko, penye chemchemi ya maji kandokando ya njia, malaika wa Bwana anamwita: Hajiri! Wa kwanza kumwita mjakazi huyo kwa jina lake ni mjumbe wa Mungu. Kisha anamwuliza maswali mawili ambayo hakuna aliyewahi kumwuliza: ametoka wapi, na anakwenda wapi. Na Hajiri naye anafanya jambo la ajabu: yeye aliyenyimwa jina anampa Mungu jina. Anamwita Mungu anionaye.

Sasa tuingie nyumbani mwetu. Mkristo unayetusikiliza, yuko binti nyumbani kwako aliyeamka kabla yako leo. Amewasha moto, amechemsha maji, amewavalisha watoto nguo za Dominika. Pengine hivi sasa anaosha vikombe huku redio ikisema, naye anasikia. Anaitwa nani? Wapo wanaomwita hausigeli. Siku hizi wapo wanaomwita beki tatu, kana kwamba nyumba ni uwanja wa mpira na yeye amewekwa nyuma kuzuia magoli. Wengine husema yaya, au msichana wangu wa kazi. Wengi humwita dada. Dada ni neno zuri sana. Ni neno la undugu. Lakini tuulizane kwa kweli: je, dada yako wa tumbo moja anakula jikoni peke yake baada ya wote kushiba? Je, dada yako analala sakafuni stoo? Je, dada yako anakaa miezi sita bila mshahara wake, ukimwambia unamtunzia? Neno la undugu lisilo na undugu ndani yake ni kama lile jina la Bakhita midomoni mwa watekaji. Linasikika vizuri, nalo linauma.

Tena yapo mambo mazito zaidi. Tunafahamu jinsi wasichana wanavyochukuliwa vijijini kwa ahadi ya shule au ya kazi nzuri mjini, na wengine kuvushwa mipaka na bahari hadi nchi za mbali; na wakifika, pasi zao za kusafiria zinafungiwa kabatini na simu zao zinachukuliwa. Soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa mwaka 1873. Tanzania ilitunga sheria ya kuzuia biashara haramu ya kusafirisha binadamu mwaka 2008. Kuwapo kwa sheria hiyo ni ushahidi kwamba jambo lenyewe bado lipo. Ndiyo maana tangu mwaka 2015 Kanisa limeifanya tarehe 8 Februari, siku ya Bakhita, kuwa siku ya kimataifa ya sala dhidi ya biashara ya binadamu. Mzazi unayeletewa mgeni mwenye maneno matamu anayetaka kumchukua binti yako, mwulize kama malaika alivyomwuliza Hajiri: unatoka wapi, na unampeleka wapi? Asipojibu kwa mahali panapojulikana na watu wanaojulikana, usimpe mtoto.

Tuseme neno pia juu ya majina tunayowapa watoto wetu wa kike. Babu na bibi zetu hawakutoa jina bure. Msukuma akimwita binti yake Kabula, ametuambia kwamba mvua ilikuwa inanyesha alipozaliwa. Mjaluo akimwita Akinyi, Achieng au Atieno, tunajua kama alizaliwa asubuhi, mchana juani, au usiku. Mkikuyu akimpa binti jina la bibi yake, amemrudishia bibi heshima yake. Kadhalika majina ya Kiswahili: Neema, Furaha, Tumaini, Sikujua, Sikudhani, Tabu, Shida, Mashaka. Tusiwacheke akina Tabu na akina Shida. Mama aliyetoa jina hilo hakumlaani mtoto. Aliandika historia katika kitabu pekee alichokuwa nacho. Hata hivyo, wazazi, tuwe na kiasi. Mtoto asibebeshwe maisha yake yote ugomvi wa baba na mashangazi. Raheli alipokuwa anakata roho alimwita mwanawe Benoni, mwana wa uchungu. Baba yake Yakobo akambadilishia, akamwita Benyamini, ili mtoto asiishi chini ya kivuli cha kifo. Naye Naomi, katika kitabu cha Ruthu, alipofiwa na mume na wana, aliwaagiza wanawake wa Bethlehemu waache kumwita Naomi, wamwite Mara, kwa sababu maisha yamemwia machungu. Mmekwisha kuona kitu? Kitabu chote kilichobaki kinaendelea kumwita Naomi. Yeye alijiita uchungu; Maandiko hayakukubali.

Na ninyi mnaomwita binti yenu Bakhita, mfanye vema kumsimulia. Msimwambie tu kwamba ni jina la mtakatifu. Mwelezeni kwamba lilikuwa chapa ya mtumwa, kisha likawa jina la binti wa Mungu. Mwelezeni, ili siku moja akiajiri msichana nyumbani kwake, akumbuke asili ya jina lake. Mwanamke aitwaye Bakhita kumtesa mfanyakazi wake, hilo lingekuwa jambo la kulia machozi.

Mwisho, tutafakari juu ya lile jina lililopotea, jina la kwanza, lile la Olgossa. Je, limepotea kweli? Mama aliyelitoa alikwisha kufa. Binti aliyeitwa nalo alilisahau. Hakuna kitabu kinacholitaja. Lakini nabii Isaya, katika sura ya 43, anatufundisha kwamba Mungu humwita mtu wake kwa jina na kusema kwamba ni wake. Bwana wetu, katika Injili ya Yohane, sura ya 10, anatufundisha kwamba mchungaji mwema huwaita kondoo wake mmoja mmoja, kila mmoja kwa jina. Na asubuhi ya Pasaka Maria Magdalena hakumtambua Mfufuka kwa sura yake wala kwa swali lake. Alimtambua alipoitwa Maria. Basi tunaamini kwamba asubuhi ile ya tarehe 9 Februari 1947, wakati watu wa Schio walipokuwa wakiomboleza, Bakhita alikuwa amekwisha kuitwa na sauti nyingine kwa jina ambalo hakulisikia tangu utoto, na akageuka mara moja. Hakuhitaji mtu wa kumgusa begani.

Kwa hiyo, wasikilizaji wapenzi, tunawapa kazi moja ya juma hili, na ni nyepesi. Mkitoka Misani leo, kabla chakula hakijaandaliwa, ingia jikoni. Mwulize binti anayekupikia jina lake kamili, lile alilopewa na mama yake, na maana yake, na kwa nini aliitwa hivyo. Keti umsikilize mpaka amalize. Kisha mkaribishe mezani, na umwite kwa jina hilo.

Tuombe. Ee Mungu, uliyemwona Hajiri jangwani na kumkomboa mtumishi wako Bakhita, uwakumbuke watoto wote waliosahauliwa majina yao. Utusamehe sisi tuliowaita vibaya, na sisi tuliokataa kuwaita. Utujalie siku ya mwisho tusikie kila mmoja jina lake kinywani mwako. Kwa njia ya Kristo Bwana wetu. Amina.

Mungu awabariki, na Dominika njema.